Siku Tuliyotoa Ardhi Mara ya Pili

Jumatatu, 4 Agosti

Makongoro yamechelewa kutoka machinjioni Vingunguti, tena nusu hayajababuliwa. Nimekwangua kwato asubuhi nzima. Supu inaiva, wateja wameshapita. Nanuka manyoya ya ng'ombe mpaka kwenye nywele.

Halafu akaja Baba mdogo Shomari amevaa koti, na joto hili. Nikajua kuna jambo. Kanisa la hapo juu linafanya jubilei. Wanataka igizo: siku babu yake, aliyekuwa jumbe, alipoikabidhi ardhi ya ukoo kwa Mfalme wa Uingereza ili wamisheni wajenge. Wanataka Baba mdogo aigize babu yake mwenyewe.

Amekubali. Kichefuchefu.

Jumatano, 6 Agosti

Sie nyumbani hatukuhadithiwa hivyo. Bwana Shauri, mzungu wa serikali, alikuja na askari. Jumbe akaambiwa ardhi si yake tena, ni ya Mfalme, na Mfalme kawapa wamisheni. Kazi yake ni kukubali mbele za watu, ionekane kakubali. Akaomba kitu kimoja tu, makaburi yaachwe. Yakaachwa. Yako nyuma ya kanisa mpaka leo, mawe na majani. Marehemu baba alikuwaga anatupeleka kufyeka kila Ramadhani ikikaribia.

Nimekwenda kumuuliza katibu wa kamati ya sherehe kama kwenye igizo askari watakuwepo. Akacheka. Eti wataharibu furaha.

Furaha!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegombana na Baba mdogo. Nilimwambia anakwenda kuchekesha watu kwa mgongo wa babu yake. Hakupandisha sauti.

"Mwajuma, wanataka kujenga kule nyuma. Katibu kaniambia nikiwa nao bega kwa bega, makaburi hawayagusi. Wewe una njia nyingine?"

Sina. Ndiyo maana nimezidi kuchukia. Mzee wa watu anabembeleza mawe ya wazee wake kwa kucheza ngonjera.

Jioni Mama Neema kaja kuchukua supu. Jirani yangu, mtu wa Njombe, mwimbaji wa kwaya ya hapo hapo kanisani. Akasema anajivunia ukoo wetu, tulivyotoa ardhi kwa moyo mweupe. Nilimjibu vibaya. Nikamwambia yote, na bunduki za askari. Alisimama na bakuli lake mpaka supu ikapoa.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike kabla sijajidanganya kwamba haikuwa mbaya hivyo.

Maturubai, maspika, wageni wa heshima kwenye makochi. Baba mdogo kavalishwa kaniki na ushanga wa plastiki, kifua wazi. Jumbe alivaaga kanzu, kila mtu hapa anajua. Kijana mmoja kaigiza Bwana Shauri: kaptura, soksi ndefu, unga wa ngano usoni. Watu wakaangua kicheko alipotokea tu.

Baba mdogo akapiga magoti. Kwenye mazoezi hakukuwa na kupiga magoti, aliniambia mwenyewe. Katibu ndiye aliyemwonyesha kwa mkono, chini, chini. Akashuka, na goti lile bovu. Akainua udongo kwa mikono miwili, akasema, "Naitoa ardhi hii kwa Mfalme, kwa hiari yangu." Sauti haikutetemeka. Bwana Shauri akapokea, akaumwaga, akajifuta vidole kwa leso huku amekunja pua. Kicheko mpaka wageni wa heshima wakashika matumbo.

Mate yalinijaa.

Na Baba mdogo bado kapiga magoti, hawezi kuinuka, wakafunua bango la jengo jipya. Ukumbi, fremu za maduka. Nyuma, pale kwenye makaburi, wamechora magari yamepangwa vizuri.

Akaliona. Akamtazama katibu. Katibu akawa anapiga makofi.

Kwaya ikaanza. Mama Neema akatoka mstarini na joho lake la bluu, akapita mbele ya wageni wote, akamshika Baba mdogo kwapani. "Shikamoo baba. Inuka twende." Akavua joho, akamfunika kifua. Nami nikaenda upande wa pili. Tukamtoa pale. Nyuma yetu maspika yanaimba.

Getini nilitema mate. Nilitema kweli.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijapika. Baba mdogo kalala kageukia ukuta.

Mchungaji kaja kuomba radhi. Eti igizo lilipitiliza. Nikamuuliza, na makaburi? Akasema kibali cha kuyahamisha kimeshatoka manispaa, kamati iliamua zamani. Zamani! Kabla ya kaniki, kabla ya goti. Walishaamua, bado wakamtaka mzee aje acheze.

Nilimkaribisha chai kwa sababu nimelelewa. Kikombe chake nimekiosha kwa maji ya moto na jivu.

Jumanne, 12 Agosti

Baba mdogo kaamka, kavaa kanzu, kaenda kwa katibu. Kamwambia neno moja: wazee wetu tutawatoa wenyewe, sie, kwa mikono yetu, na siku ile asionekane mtu wa kamati pale. Wamekubali. Mama Neema kasema kwaya basi. Sikumwomba.

Ijumaa, 22 Agosti

Wanaume wamefukua asubuhi, bwana afya akiwepo. Baada ya sala ya Ijumaa wamewazika upya kwenye makaburi ya Waislamu, huku mtaani kwetu.

Sie wanawake tulibaki nyumbani tunapika. Mama Neema alikuja na kanga kichwani, akachambua mchele. Upepo ulikuwa mzuri.

Baba mdogo alirudi, akanawa, akakaa mkekani. "Yalikuwepo meno tu, mwanangu," akaniambia. "Na udongo."

Nikampakulia. Alikula taratibu, akaomba aongezwe mchuzi.