Maneno ya Kuzimia Kompyuta

Mpwa wangu,

Mjomba wako ni mzima kama chuma, na sasa dunia nzima inanitegemea! Ile programu ya bure inayoendesha kompyuta, inayotengenezwa na watu wa kujitolea, mimi ndiye ninayeitia Kiswahili. Shule niliishia njiani, lakini wahandisi wananipa shikamoo.

Juzi nilitafsiri swali linalotokea mtu akitaka kuzima kompyuta. Nikaandika: "Mbona mapema? Kaa kidogo." Mkaguzi wetu wa tafsiri akakataa: "Mzee, weka 'Izimwe sasa?' tu." Nikamjibu, "Kwenu hamjui kuaga mtu?"

Tangu uhame, humu ndani hakuna wa kuniaga. Kwenye kompyuta uliyoniachia nimebakiza maneno yangu. Kila nikitaka kuizima inaniambia nikae kidogo, nami nakaa.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi wa Dunia