Asiiguse Mtu Saa ya Ukutani

Mama watoto na Bibi,

Nimepita nyumbani nikakuta mmeshatoka. Nimewahi dukani, kuna mteja ananisubiri. Chai iko kwenye chupa. Saa ya ukutani nimeirekebisha na asiiguse mtu. Shikamoo Bibi, lakini hata wewe.

Asubuhi nilimkimbilia binti yetu na rula aliyoisahau. Nikamkuta nje ya geti la shule anatetemeka kwa baridi, mlinzi ndiyo kwanza anapiga mswaki. Siku ya kwanza ya mtihani, mtoto kawahi saa nzima! Niliwapigia simu, kila mmoja wenu akakiri kwamba jana aliisogeza saa mbele dakika ishirini, mtoto asichelewe. Na mimi nilikuwa nimeshasogeza ishirini zangu. Kimya kimya, wote watatu. Na fundi saa ni mimi! Wateja wakisikia, nimekwisha.

Nilidhani atalia. Akacheka, halafu akaniambia, “Baba, mimi nimejiandaa. Ninyi ndio mnaogopa.” Iliniuma kidogo, maana ni kweli.

Kwa hiyo akirudi ~~muulizeni maswali yalikuwaje~~ hapana, msimuulize kitu. Mpeni chakula, aoge, alale. Akitaka kusema atasema mwenyewe. Bibi, redio iwe chini, tafadhali. Mama watoto, usimpekulie madaftari.

Saa ya kengele nimeitoa chumbani kwetu, nimeiweka kitandani kwake. Kesho yeye ndiye atatuamsha sisi.

Baba watoto