Mgeni kutoka Igowole

Ilomba, Mbeya

Baba yangu mpendwa,

Kamwene. Naanza na salamu yetu ya nyumbani kwa sababu ndiyo niliyoshindwa kukuitikia. Goti la mama linaendeleaje na baridi hii? Na wewe, ulifika salama? Mimi mwili ni mzima, ila sina uso wa kukutazama.

Najua barua hii atakusomea mdogo wangu Tulia. Tulia, soma yote, usiruke hata pale utakaponionea aibu.

Baba, kazi yangu sikuwahi kukueleza vizuri. Kuna Mzungu mmoja anachunguza habari za wasafiri: wanatoka wapi, wamefuata nini Mbeya, wameuonaje mji. Wenye motokaa anawahoji mwenyewe hotelini. Mimi na karani mwenzangu Saidi ametuweka na meza kituo cha basi, tuwahoji wanaoshuka kwenye basi la Iringa. Kila msafiri ana karatasi yake, na juu imeandikwa MGENI.

Saidi kwao ni watu wa pwani, baba yake ana duka hapa mjini. Siku ya kwanza aliponiuliza habari za kwetu, nilimwambia baba yangu ni mwalimu mkuu, anavaa suti na viatu vya kamba. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo.

Basi Jumanne ile ukashuka na koti lako kuukuu la jeshi, miguu mitupu, kuku kwapani, ukaja moja kwa moja mezani kwangu unacheka.

"Kamwene," ukasema.

Nami nikainamia karatasi. "Karibu, mgeni. Jina lako?"

Nilidhani utanikemea mbele ya watu, na afadhali ungenikemea. Ukalitaja jina lako polepole, kana kwamba sijawahi kulisikia, na ndilo jina la ukoo ninaloitwa kila siku hapa kazini. Nikauliza umetoka wapi, ukasema Igowole. Nikauliza umefuata nini, ukasema kumwona mwanao. Saidi, kwa wema tu, akadakia, "Umeshamwona, mzee?"

"Nilidhani nimemwona," ukasema. "Nimemfananisha."

Ukaondoka kabla sijafika swali la mwisho. Jioni mwenye nyumba wangu akanikabidhi kuku na kikapu cha njegere. Akasema mzee mmoja amefika ameshika bahasha ya barua yangu ya zamani, akaviacha, akakataa hata maji. Nilikimbia mpaka kituoni, nikakuta basi limeshaondoka.

Kesho yake nilimwambia Saidi ukweli. Hakucheka. Alisema niandike siku ile ile, nami nimechelewa wiki mbili kwa aibu. Mzungu naye alinirudishia karatasi yako kwa kuwa ina nafasi moja tupu, akataka nijaze chochote. Nilikataa, nikaja nayo nyumbani. Swali lenyewe ni hili: Je, mgeni angependa kuja tena?

Nisalimie mama, shangazi aliyenilea, na babu mzee wa kanisa. Kuku sijamchinja, anataga chini ya kitanda changu.

Baba, usinifichie kitu kwa kunihurumia. Mwambie Tulia aandike jibu lako, hata likiwa hapana.

Na hukunifananisha. Nilikuwa mimi.

Mwanao,
Yohana