Kuku wa Kipaimara

Kibingo, Kyerwa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha Baba, bado kinambana asubuhi? Mimi mwili ni mzima na ndizi za huku nazila mpaka nachoka. Ningepiga simu, lakini ungesikia sauti yangu kabla ya maneno, ukashtuka bure. Nimeona niandike, usome polepole.

Mama, nimefanya kosa kazini.

Unajua akina mama wa kikundi walioniajiri baada ya yale mafunzo yangu ya ufugaji niwatunzie kuku wa nyama. Kundi hili la sasa lilikuwa limeagizwa na paroko kwa ajili ya sherehe ya kipaimara. Nikataka kuwafurahisha. Siku zote mahindi ya kuku tulikuwa tunayasaga yabaki chengachenga. Safari hii nikamwambia mwenye mashine afunge chekeche la unga wa ugali, nikiwaza kwamba chakula kikiwa laini kitayeyuka upesi tumboni na kuku watanenepa haraka. Hakuna aliyenituma. Ni akili yangu tu.

Wiki ya tatu nikaona hawakui. Unga unawaganda midomoni, maji wanakunywa kupita kiasi, maranda ya mbao chini yanalowa, wengine wadogo kama njiwa. Kila nikifungua banda naogopa hata kuwatazama. Nikaongeza dagaa kwenye chakula, nikaongeza vitamini kwenye maji. Wapi!

Akina mama wakaanza kunong'ona. Ndipo Ma Jesca, mwanachama ambaye mjukuu wake alikuwa apokee kipaimara, akaleta kifuko cha unga mweupe alionunua mnadani. Hakina jina wala maandishi.

"Changanya kwenye chakula," akaniambia. "Aliyeniuzia anasema ndani ya wiki moja wanajaa."

"Ni dawa gani, Mama?"

"Ya kukuza. Jina la nini? Hao wako wa darasani si wamegoma kukua?"

Nikakataa. Kesho yake nikamkuta bandani, ameshaukoroga mwenyewe kwenye ndoo ya chakula. Niliishika ile ndoo, naye akaishika. Nikamshinda nguvu, nikaenda kuimwaga yote chooni. Mama, nilimpokonya mtu wa umri wako. Alilia. Akasema, "Wewe ni mgeni hapa, huna mtoto anayepokea. Utajuaje uchungu wetu?"

Nilishindwa kula siku hiyo. Jioni kuku mmoja akafa, nikampasua. Firigisi ilikuwa ndogo na imelegea kama kitambaa kilicholowa. Nikampigia bwana mifugo, nikamweleza. Akaniuliza jambo moja tu: "Mahindi mnasaga vipi siku hizi?"

Nikamtajia chekeche la unga wa ugali. Akaelewa.

Akanieleza kwamba firigisi inataka kitu cha kusaga ili ikue na kupata nguvu. Ukiilisha unga kama wa uji inalala, na chakula kinapita bila kumfaa kuku. Kuhusu ule unga mweupe, akasema dawa usiyoijua usimpe kuku hata kidogo, maana inaweza kubaki kwenye nyama, na atakayeila ni mtoto.

Ningeweza kunyamaza. Ningebadilisha chekeche kimyakimya, nikasingizia kwamba tuliuziwa vifaranga vibovu. Niliwaza hivyo, Mama, sikufichi. Lakini ningemtazamaje Ma Jesca?

Jumapili baada ya misa nikasimama mbele ya kikundi chote, nikasema kila kitu. Ma Jesca akauliza, "Kwa hiyo ulipokuwa unanipokonya ndoo, ulikuwa umeshawaharibu mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama. Ila sikuwa nimejua."

Mama Koku, mwenyekiti wetu, akataka kujua kama watapona. Nikajibu kwamba watakua, lakini hawatawahi kipaimara. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaenda mwenyewe kumwambia paroko.

Sherehe ilifanyika jana, kwa ndizi na maharage. Nilikaa nyuma kabisa. Kila mtoto aliyepita na sahani yake niliona kama ananitazama mimi. Kuku sasa wanakula chenga, maranda yamekauka, na nikiwapima uzito unapanda kidogo kidogo. Kikundi hakijasema kama kitaniachia kundi jingine.

Leo asubuhi Ma Jesca amekuja bandani. Hakunisalimu. Alichota chakula kwa kiganja, akakisugua kwa vidole.

"Ndiyo hii chenga yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile ungeniambia taratibu. Ulininyang'anya kama mwizi."

Nikapiga magoti pale pale kwenye maranda, nikamwomba radhi.

"Inuka," akasema. "Jumatatu tunakwenda wote mashineni. Mimi nitasimama pale pale kwenye chekeche."

Akaondoka bila kutabasamu. Sijui kama amenisamehe au ananichunga. Nadhani yote mawili nayahitaji.

Nisalimie Baba, na umwambie asiache kunywa dawa. Msalimie dada Rehema na kichanga wake ambaye bado sijamwona, shangazi Tatu anayekufulia, na mjomba Elia fundi baiskeli. Ukienda kanisani nitaje kwenye maombi, na Ma Jesca umtaje pia.

Ni mimi binti yako,
Neema