Kimanga cha Watu Watatu

Jumanne, Julai

Angalau Mama amekula leo. Tangu tumzike Baba alikuwa akionja tu na kusukuma sahani.

Ukungu umefunika Wundanyi mchana kutwa na baridi inaingia hadi mifupani, kwa hivyo nilipika kimanga, maharagwe niliyoyaponda na ndizi mbichi. Nikapakua sahani mbili.

Mama akasema, "Pakua na ya tatu. Baba yako yuko mlangoni."

Nilitaka kumkatalia, lakini papo hapo nikasikia kikohozi cha Baba nje. Nikafungua mlango. Ukungu tu.

Nikapakua ya tatu. Mama akala mpaka akashiba, akicheka na kiti kitupu.

Naogopa, siwezi kujidanganya. Lakini kesho nitapakua sahani tatu bila kuambiwa.