Beka na Kiti cha Saluni

Jumatatu, 6 Oktoba
Vichwa kumi na saba leo. Kibamba nzima hakuna kinyozi wa kunifikia, na nisiposema mie atasema nani. Kimoja tu kimenishinda: cha mdogo wangu Beka, miaka tisa. Kashuka kitini mara sita. Kaona mjusi, kaona bodaboda, kapotea. Shule wanataka kipara. Kesho anaenda na nusu.

Jumanne, 7 Oktoba
Wamemcheka darasani. Kapigana. Mwalimu mkuu kasema hafundishiki, Ijumaa aende mtu mzima wa kwao wamalizane, wamtoe shule. Mama kalia. Jirani kasema jini. Mie niliachia kidato cha pili, najua ukishatoka hurudi. Naogopa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimefanya ujinga. Nimemfunga kitini kwa shuka la kunyolea, mikono ndani, fundo nyuma. Nikamaliza kichwa. Hakulia. Kaniuliza, "Kaka, nikitulia utanifungua?"
Nikamwambia tulia basi.
"Mie natulia. Miguu ndo inakataa."
Nimefunga saluni mapema. Najichukia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hospitali. Foleni toka asubuhi. Beka kawapa wagonjwa wote shikamoo, wengine mara mbili. Daktari, mama mmoja mpole, kasema si jini wala utundu. Ubongo wake unapata shida kushika jambo moja na kutulia, wanaita ADHD. Fimbo haisaidii. Apewe kazi fupi fupi, aruhusiwe kunyanyuka. Kaniandikia barua. Halafu kaniuliza, "Na wewe na mdomo wako huo, ulikuwa unatulia darasani?"
Nimecheka. Tulivyotoka nje nikakumbuka kidato cha pili, sikucheka tena.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mwalimu mkuu kasoma barua mara mbili. "Bwana mdogo, nina watoto tisini darasa moja. Nani amwangalie huyu?"
Nikasema mie. Imenitoka tu.
Kanipa wiki moja, nikae naye darasani kutwa. Nikikosa hata siku moja, Beka hana shule.
Saluni ndo inatulisha. Nimeishiwa akili.

Jumatatu, 13 Oktoba
Dawati la nyuma, magoti kidevuni. Watoto wananiita babu. Saluni imefungwa.
Beka kasimama katikati ya hesabu. Mwalimu kashika fimbo, kaniangalia. Nikamwonyesha Beka mlango. Katoka, kazunguka bomba la maji, karudi mwenyewe. Kakaa.
Mwalimu kaweka fimbo mezani, kaendelea na kuzidisha.