Pampu Isiyopiga Kelele

Mpanda, Jumapili

Baba Queen,

Sisi huku wazima, na dagaa wako wa Ikola nimeshawaanika. Ile pampu mpya uliyoituma ya bwawa letu la hapa uani, fundi Venansi aliifunga mwezi jana. Inazunguka polepole kutwa, maji safi, na uniti za luku za wiki mbili sasa zinafika mwezi. Hapo nakushukuru.

Ila neno limenikaa kooni. Kabla haijafungwa ulinipigia ukasema, "Haina kelele hiyo, hata ukilala dirisha wazi huisikii." Kumbe kweli. Lakini wewe huko Dodoma umepanga chumba ghorofa ya tatu. Ulilala kando ya bwawa la nani?

Usipige simu. Andika.

Mkeo anayelala dirisha wazi,
Mama Queen